Nasibu Si Ovyo

Kuna fundisho limekaa madarasani kwetu muda mrefu mno bila kupingwa. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza hupewa orodha ya visawe akariri, na huambiwa kwamba insha nzuri ni ile isiyorudia neno. Aya ya kwanza akiandika 'random', ya pili aweke 'haphazard', ya tatu 'arbitrary', na akitaka kumvutia msahihishaji amalizie na 'indiscriminate'. Yote, anaambiwa, yana maana moja: ovyo. Kitu kimechanganywa ovyo, mtu kachaguliwa ovyo, kazi imefanywa ovyo. Fundisho hili halikuishia shuleni. Limewafuata wafasiri hadi kwenye meza zao, limeingia vyumba vya habari, limewaingia mawakili wanaosoma sheria kwa Kiingereza na kuwaeleza wateja kwa Kiswahili, na watafiti wa afya wanaokwenda vijijini kuomba ridhaa ya wazazi. Nalipinga, na nalipinga kuanzia mzizi wake.

Ninachodai ni kwamba vivumishi hivi ni maneno ya kushtaki, na kila kimoja kina mshtakiwa wake. Anayesema 'haphazard' anamlaumu mtendaji aliyefanya kazi kizembe. Anayesema 'arbitrary' anamlaumu mwenye mamlaka aliyeamua apendavyo. 'Indiscriminate' linamwandama aliyekuwa na wajibu wa kutofautisha asitofautishe. 'Promiscuous' liliwageukia wale waliochanganyika wenyewe. Na 'random', linapotumika pale lilipopata uzito wake, halimshtaki mtu: linaonyesha kwamba hakuna aliyependelea wala aliyepuuza. Mwalimu anayeyaweka yote katika fungu moja anamfundisha mtoto kumtia hatiani asiyehusika na kumwachilia mwenye kosa.

Nianze na 'random', kwa kuwa ndilo linaloonewa zaidi. Nakubali kwamba nasaba yake inawapa wapinzani wangu nguvu. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, 'randon', mwendo wa kasi usiozuilika, na Waingereza wa karne ya 16 walipolitumia walifikiria kitu kilichoachiwa kiende kitakakokwenda bila shabaha. Hadithi ingeishia hapo, walimu wangekuwa wamesema kweli. Lakini mwaka 1919 mwanatakwimu Ronald Fisher alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na swali alilokabidhiwa lilikuwa la mkulima yeyote: mbolea ipi inaongeza mavuno, na tutajuaje? Shamba moja halilingani lote. Huku kuna rutuba, kule maji yanatuama, kona ile ina kivuli. Mtafiti akijichagulia vipande, hata awe mwaminifu kiasi gani, mkono wake utaipeleka mbolea anayoiamini mahali penye udongo mzuri, na mwisho wa msimu hatajua kama amepima mbolea au amepima matumaini yake. Fisher, katika kitabu chake cha 1925 na kwa ukamilifu zaidi katika kile cha 1935, alitaka mtafiti anyang'anywe uchaguzi huo. Vipande vigawiwe kwa kura. Tangu hapo 'random' likawa jina la nidhamu: kanuni iliyopangwa kabla, inayofuatwa hata pale matokeo yake yasipompendeza aliyeipanga.

Anayedhani kwamba nidhamu hiyo na uzembe ni ndugu, atazame kilichotokea Washington usiku wa tarehe 1 Desemba 1969. Serikali ya Marekani ilikuwa inahitaji vijana wa kupeleka jeshini wakati vita vya Vietnam vinaendelea, na malalamiko yalikuwa yamezidi kwamba watoto wa wenye nafasi wanapata njia za kukwepa. Ikaamuliwa kura ipigwe. Tarehe zote 366 za mwaka ziliandikwa kwenye vikaratasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kapsuli ya plastiki ya buluu, kapsuli zikamiminwa katika chombo kikubwa cha kioo, na zikawa zinachomolewa moja moja mbele ya kamera za televisheni. Ya kwanza, iliyochomolewa na mbunge Alexander Pirnie, ilikuwa 14 Septemba. Kila mwanamume aliyezaliwa tarehe hiyo kati ya 1944 na 1950, akiwa anastahili kuitwa, akawa nambari moja.

Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Wanatakwimu walipoketi na matokeo ndipo walipoona. Kura ya haki ingeupa kila mwezi wastani wa nambari unaokaribia 183.5. Januari ilipata wastani wa 201.2. Desemba ilipata 121.5. Nambari ndogo ilimaanisha kuitwa mapema, na walioitwa kutokana na kura ile waliishia nambari 195. Kijana wa Desemba, basi, alibeba hatari kubwa kuliko kijana wa Januari, na hakuna mtu aliyekusudia hivyo. Sababu ilikuwa ndogo kiasi cha kutia uchungu: kabla ya kumiminwa katika kioo, kapsuli zilikuwa zimetiwa katika sanduku mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, kisha zikachanganywa kidogo na kuaminiwa kwamba zimechanganyika. Hazikuwa zimechanganyika. Miezi ya mwisho ilibaki juu, na mkono ulioingia ukaikuta.

Sasa mwambie mzazi aliyempeleka mwanawe Vietnam kwa sababu alizaliwa Desemba kwamba 'random' na 'haphazard' ni visawe. Usiku ule maneno hayo mawili yalikuwa maadui. Kilichoahidiwa taifa ni nasibu, kilichofanyika ni ovyo, na tofauti kati yao ilipimika kwa nambari. Mwaka uliofuata wakuu wa uandikishaji walirekebisha: vyombo viwili badala ya kimoja, kimoja cha tarehe na kingine cha nambari, na hata mpangilio wa kuzitia humo ukaamuliwa kwa majedwali ya nasibu yaliyoandaliwa na Ofisi ya Taifa ya Viwango. Kazi ngumu, ya kuchosha, iliyofanywa na wataalamu. Hakuna anayetaabika hivyo ili afanye jambo ovyo.

Najua jibu linalokuja. Watasema hayo ni mambo ya wanatakwimu, na kwamba lugha ni ya watu wote. Mtu wa kawaida mjini London au Chicago akisema 'random' anamaanisha tu kitu kisichotarajiwa, na maana ya neno ni matumizi yake. Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Vijana wanaozungumza Kiingereza wana haki ya kuliita jambo la ajabu 'random'. Lakini mtu huyo huyo wa kawaida anameza dawa, na dawa imemfikia kwa njia ya neno hili katika maana yake kali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na wagonjwa wengi wa kifua kikuu na streptomaisini haba sana, kwa kuwa dawa ilitoka Marekani na dola za kuinunulia hazikuwepo. Nani apewe? Daktari akiachiwa achague, atampa yule anayemwonea huruma, au yule anayeonekana atapona, na mwishowe hakuna atakayejua kama kilichomponya ni dawa au ni hali aliyokuja nayo. Baraza la Utafiti wa Tiba, likiongozwa katika hesabu na Austin Bradford Hill, liliwagawa wagonjwa 107 kwa namba za nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha: 55 wapate streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake, kama ilivyokuwa desturi ya matibabu siku hizo. Katika miezi sita walifariki wanne upande wa dawa, na 14 upande wa pili. Ripoti ilichapishwa mwaka 1948. Daktari hakuweza kuipindua bahasha kwa huruma wala kwa tamaa, na kwa sababu hiyo matokeo yaliaminika.

Njia hiyo ilifika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na baraza hilo la Uingereza walifanya jaribio la kugawa wagonjwa kwa nasibu katika hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, kupima kama matibabu ya miezi sita yanaweza kushika nafasi ya yale ya miezi 18. Yaliweza, pale rifampisini ilipoingia katika mchanganyiko wa dawa. Jamaa zetu wanaotibiwa kifua kikuu leo kwa miezi sita wanavuna kazi ya wagonjwa waliokubali kugawiwa kwa kura. Vivyo hivyo chanjo ya malaria ya RTS,S: kati ya 2009 na 2014 watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walishiriki katika jaribio lake, wakiwemo wa Kilifi, Siaya, Kombewa, Bagamoyo na Korogwe, na ni kura iliyoamua nani apate chanjo hiyo na nani apate chanjo nyingine ya kulinganishia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Mtafsiri anayeandika kwamba watoto wale waligawanywa kiholela anawatukana wazazi wao, na anawapa nguvu wanaoeneza uvumi kwamba Mwafrika hufanyiwa majaribio na watu wasiojali.

Nigeukie kundi la pili la wapinzani wangu, waliosoma zaidi na kwa hiyo hatari zaidi. Hawa hawasemi kwamba maneno yote ni sawa. Wanasema neno lina maana moja ya kweli, ile ya asili, na yaliyokuja baadaye ni uharibifu. Mfano wao wanaoupenda ni 'promiscuous'. Wanatukumbusha kwamba asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kuchanganya, kwamba Waingereza wa karne ya 17 walilitumia kwa chochote kilichochanganyika, na kwamba ni watu wa siku za karibuni waliolitia uchafu wa zinaa. Wanasema lilikuwa neno safi.

Halikuwa safi, na kuna wanawake waliolipa gharama yake. Angelina na Sarah Grimké walikuwa mabinti wa jaji mmiliki wa watumwa huko Charleston, South Carolina. Waliuacha utajiri huo wakaenda kaskazini kuupinga utumwa waliouona kwa macho yao nyumbani kwa baba yao. Mwanzoni walihutubia wanawake. Mwaka 1837, walipozunguka Massachusetts, wanaume nao walianza kuja kusikiliza, wakakaa viti vya nyuma, kisha wakajaa. Hadhira ya namna hiyo, wanaume na wanawake chini ya paa moja, Kiingereza cha siku hizo kiliiita 'promiscuous', na mwanamke aliyesimama kuihutubia alihesabiwa amevuka mpaka wa heshima. Julai mwaka huohuo wachungaji wa Kikongregesheni wa Massachusetts walitoa waraka kwa makanisa yao kuonya dhidi ya wanawake wanaojitwika kazi ya wahubiri wa hadharani. Kabla yao, Boston, mwaka 1832, Maria Stewart, mwanamke mweusi, alikuwa amethubutu kuhutubia mchanganyiko huohuo, na upinzani aliokutana nao ulimfanya auache mji ule.

Mei 1838 wapinga utumwa walifungua jumba lao Philadelphia, Pennsylvania Hall. Usiku wa tarehe 16 Angelina alihutubia humo wakati kundi la watu nje likirusha mawe kwenye madirisha. Alisema kwa zaidi ya saa nzima. Ukumbi ulikuwa na wanaume na wanawake, weusi na weupe, na kikao kile hakikuwekwa rasmi chini ya jina la mkutano wa wanawake uliokuwa unaendelea, kwa kuwa hata miongoni mwa wajumbe wake wapo walioona haifai mwanamke kuhutubia hadhira iliyochanganyika. Usiku uliofuata jumba lilichomwa moto. Lilikuwa limefunguliwa siku tatu tu kabla.

Ndiyo maana siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia neno hili lilimaanisha tu mchanganyiko. Juu ya rundo la vitabu, ndiyo, lilikuwa neno la kawaida. Lilipowekwa juu ya watu lilikuwa tayari hukumu, na hukumu yenyewe ilikuwa kwamba wanaume na wanawake hawapaswi kuchanganyika, na aliyewachanganya ana hatia. Maana ya zinaa iliyokuja kutawala haikutoka mbali. Ilichipuka katika woga uleule. Na hapa ndipo anapokosea anayeliita neno hili kisawe cha 'miscellaneous', kwa sababu tu maneno yote mawili yamo katika ukoo wa kitenzi kile cha Kilatini. 'Miscellaneous' ni neno la makarani. Ni 'mengineyo' yetu ya mwisho wa ajenda, halimwudhi mtu wala halimtetei. Halikumfukuza mwanamke jukwaani.

Katika sheria hatari ni kubwa zaidi, ingawa inaelezeka kwa ufupi. Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya 1977 kwa Mikataba ya Geneva, katika kifungu cha 51, inakataza mashambulizi yaliyo 'indiscriminate', na inaeleza ni yapi: yasiyoelekezwa kwenye shabaha maalumu ya kijeshi, au yanayotumia silaha isiyoweza kuelekezwa hivyo, au yanayoutwanga mji mzima kana kwamba shabaha kadhaa zilizo mbalimbali ndani yake ni shabaha moja. Aliyefasiri 'mashambulizi ya ovyo' amempunguzia kamanda kosa. Amemfanya askari asiye na shabaha nzuri. Kamanda anayekatazwa na kifungu hiki anaweza kuwa na ramani safi na mizinga inayopiga barabara. Kosa lake ni kukataa kutenganisha raia na askari. Aliyefasiri 'mashambulizi yasiyobagua' naye ameanguka upande wa pili, maana kwa Kiswahili asiyebagua ni mtu wa kusifiwa. Lazima sentensi ikamilike: yasiyotofautisha raia na wapiganaji.

Na 'arbitrary'? Mzizi wake ni 'arbiter', mwamuzi, na mwamuzi yumo humo hadi leo. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 linakataza mtu kukamatwa kwa namna hiyo, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda mtu asinyimwe uhuru wake hivyo au bila sababu ya haki. Hakuna polisi anayemkamata mtu kwa nasibu ya Fisher. Anamkamata kwa sababu anayo: hampendi, ametumwa, anataka hongo, au ameona kabila lake katika jina. Tatizo ni kwamba sababu hiyo ni ya kwake, haihojiki, haina msingi wa haki. Tena Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2014 kwamba jambo linaweza kuwa na ruhusa ya sheria ya nchi na bado likawa 'arbitrary', endapo halistahili, halina haki, au mtu hawezi kulitabiri. Kwa hiyo hata 'bila kufuata sheria' haitoshi. Mtu aliyewekwa ndani kwa matakwa ya mkubwa akiambiwa kwamba alikamatwa ovyo ovyo, amenyang'anywa shtaka lake. Ovyo haina mkosaji. Matakwa yana mwenyewe, na anaweza kuitwa mahakamani.

Mtu atadai kwamba Kiingereza kimetajirika na Kiswahili kimebaki na neno moja, ndiyo maana tunasukuma yote humo. Si kweli. Tunayo nasibu na kura kwa uteuzi usiopendelea. Tunayo ovyo, holela na shaghalabaghala kwa kazi ya mzembe. Tunasema 'kwa matakwa yake' juu ya mkubwa asiyehojiwa, tunasema mseto bila kumdharau mtu, tunasema mengineyo. Tofauti zote zimo kinywani mwetu. Tulichokosa ni mazoea ya kuuliza, kabla ya kuchagua neno, nani anatuhumiwa hapa. Hata Peter Mark Roget, daktari aliyetoa mwaka 1852 kitabu cha maneno yaliyopangwa kwa mafungu ya mawazo, aliyapanga ili mwandishi apate la kuchagua. Kuchagua hakuna maana pale ambapo vyote ni kimoja.

Kwa hiyo yapo mambo ya kurekebisha mara moja, na ninalolitaka kwanza ni karatasi ya ridhaa anayosomewa mzazi kliniki. Karatasi ikisema mtoto 'atachaguliwa kwa kubahatisha', mama anasikia kwamba madaktari hawajui wanachofanya na wanakisia kwa mwanawe, kwa sababu kubahatisha kwetu ni kukisia. Ana haki ya kusimama na kuondoka. Iandikwe kwamba mtoto atawekwa katika kundi moja kati ya mawili kwa kura; kwamba kura hiyo imepangwa kabla hajafika; kwamba si daktari, si muuguzi, wala mtu anayemsomea karatasi hiyo anayeweza kuibadilisha kwa undugu, kwa fedha au kwa chuki; na kwamba imefanywa hivyo ili dawa ijulikane kama inafaa. Maneno ni mengi kuliko yale matatu ya kwanza. Msomaji wa karatasi atachukua dakika moja zaidi kuyasoma, na mama atajua anachokitia sahihi.